Maisha ya Hayati Bildad Kaggia, Askari na Mbunge



Baada ya hesabu za fedha na orodha ya waliolipa ada, ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kuwa na kurasa chache za habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumemchagua hayati Bildad Kaggia, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, kisha mfungwa wa Kapenguria, na mwishowe mbunge wa Kandara.

Twajua kwamba wako watakaouliza kwa nini hatukumchagua mtu wa Garsen, au wa Hola, au wa Kipini. Jawabu letu ni hili. Katika mkutano wetu mkuu palizuka mabishano juu ya mwanachama mmoja mzee aliyefariki. Mzee huyo alishika fedha za chama kwa miaka mingi, na siku ya kufa kwake ilitubidi tuchange sanda na chakula cha matanga, kwa kuwa nyumbani mwake hamkuwa na kitu. Mmoja wetu alisimama akasema kwamba mtu aliyekaa na sanduku la fedha miaka yote hiyo asijiwekee hata mabati ya nyumba, hakuwa na akili. Mwingine akamkatiza kwa hasira, akasema kwamba sanduku lile ndilo linalotuzika sisi sote kwa sababu mzee yule hakuligusa. Maneno yakawa mengi, na wazee wakaona ni vema kuyaacha hadi siku nyingine.

Sisi tulioandika kumbukumbu za mkutano tulirudi nyumbani na swali lile. Tukakumbuka kwamba liliwahi kuulizwa mbele ya umati mkubwa, na aliyeuliza alikuwa Rais wa nchi, na aliyeulizwa alikuwa Kaggia. Basi ndiyo sababu twaleta habari zake.

KUZALIWA NA MASOMO

Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi. Baba yake alikuwa mtu wa Murang'a aliyekwenda huko kufanya kazi katika shamba la Mzungu. Yafaa tulishike neno hili tangu mwanzo, kwa maana lina ufunguo wa mambo yaliyofuata. Mtoto yule alizaliwa katika nchi ya watu wake mwenyewe, lakini juu ya ardhi ambayo baba yake hakuwa na haki nayo ila haki ya kuilima kwa ajili ya mwingine.

Alisoma katika shule ya misheni ya Kahuhia, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, yaani Murang'a ya leo. Akili yake ilikuwa nyepesi, na mtihani aliushinda vizuri, lakini fedha za karo ya shule ya juu hazikupatikana. Wazazi wangapi wa kando ya mto huu wameyaona hayo hayo, mtoto ana akili na mfuko ni mtupu! Kaggia hakupata kuendelea. Akaingia kazi ya ukarani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Fort Hall. Sisi tulio makarani twajua kazi hiyo jinsi ilivyo. Karani huandika amri asizozitunga, na huwaona watu wakija na shida zao na kurudi nazo. Lakini pia hujifunza jinsi serikali inavyokwenda, na karatasi moja inavyoweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya.

KATIKA JESHI

Mwaka 1940, vita vilipokuwa vimewaka, Kaggia aliingia jeshini. Wakati huo makumi ya maelfu ya vijana wa Kenya waliandikwa, wengine katika King's African Rifles, iliyojulikana kwa jina la Keya, na wengine katika vikosi vya kazi. Wako waliopigana na Waitaliano huko Uhabeshi, wako waliokwenda Burma, na wako waliopelekwa Mashariki ya Kati. Hata katika bonde letu la Tana, wazee wetu wengine walivaa nguo za askari.

Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati. Alifika Misri na Palestina, na aliutembelea mji wa Yerusalemu, ambao tangu utoto aliusikia katika mafundisho ya misheni. Vita vilipokaribia mwisho alipelekwa Uingereza. Safari hizo zilimgeuza fikira. Nyumbani alimjua Mzungu kwa sura moja tu, sura ya bwana. Uingereza alimwona Mzungu afagiaye barabara, na Mzungu aliye maskini, na Mzungu abishanaye na serikali yake bila kuogopa. Aliona pia kwamba Ukristo una njia nyingi, wala desturi za wamisionari hazikuwa lazima ziwe sheria ya Mungu kwa Mwafrika.

Ndipo askari wakarudi. Serikali ya koloni iliwawekea askari wa Kizungu mpango wa kuwapa mashamba katika nyanda za juu, kama ilivyofanya baada ya vita vya kwanza. Askari Mwafrika alirudi na medali yake na kipande cha kitambulisho shingoni, akaambiwa arudi kijijini. Walikuwa wamekabili risasi zile zile. Tofauti hiyo haikuhitaji mwalimu wa kuifafanua.

DINI NA VYAMA VYA WAFANYAKAZI

Aliporudi, Kaggia hakuanza na siasa. Alianza na dini. Aliondoka katika kanisa la misheni, akahubiri kwamba Waafrika waweza kumwabudu Mungu bila kutawaliwa na wageni katika ibada yao. Wafuasi wake walienea Murang'a na hata katika nchi ya Wakamba, na watu wakaiita Dini ya Kaggia. Serikali na wamisionari hawakupendezwa.

Lakini baadaye aliona kwamba mtu anayelala njaa mjini ana shida ambayo mahubiri peke yake hayaiondoi. Akiwa amepata kazi ya ukarani Nairobi, akajiunga na chama cha makarani, akawa miongoni mwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na Fred Kubai na Makhan Singh. Mwaka 1949 Makhan Singh na Kubai walianzisha umoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, na katika miaka hiyo Nairobi ikajaa migomo na mikutano.

Mwezi wa Juni 1951, watu hao wa vyama vya wafanyakazi walichaguliwa kuongoza tawi la Nairobi la chama cha KAU. Kubai akawa mwenyekiti, na Kaggia akawa katibu. Kuanzia hapo tawi la Nairobi likawa na sauti kali kuliko makao makuu, ambayo rais wake tangu 1947 alikuwa Jomo Kenyatta. Kaggia alitoa pia gazeti la Kikikuyu lililoitwa Inooro ria Gikuyu. Na kwa siri alikuwa katika kamati iliyoongoza kiapo cha umoja, ambacho serikali ilikiita Mau Mau.

KAPENGURIA NA LOKITAUNG

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo viongozi wakakamatwa. Sita kati yao walipelekwa Kapenguria, mbali na watu wao, kushtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Nao ni Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Bildad Kaggia. Wakili wao mkuu alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wengine, wakiwamo Wahindi wa Kenya waliosimama nao katika saa ile ya shida. Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiliwa, bali aliwekwa kizuizini. Mwaka 1958 shahidi mmoja mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alikiri kwamba ushahidi aliotoa Kapenguria ulikuwa wa uongo.

Kaggia na wenzake walifungwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, mahali penye mawe na jua na upepo wa vumbi. Huko walivunja mawe. Twajua pia kwamba hawakuwa na moyo mmoja siku zote. Kati ya Kenyatta na baadhi ya wafungwa wenzake palikuwa na ugomvi uliowatenga hata katika kula. Hatuandiki hayo ili kumdharau yeyote. Twayaandika kwa sababu wazee wetu wanajua kwamba kifungo humjaribu mtu, na kwamba ugomvi wa mambo makubwa mara nyingi hupandwa mahali padogo.

Sisi wa Tana tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Mto wetu uliyaona kwa macho yake. Huko Hola palijengwa kambi ya mahabusu, na mahabusu hao ndio waliochimba mifereji ya kwanza ya kumwagilia mashamba ya Galole. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 85 waliokataa kazi walitolewa nje kwa nguvu, wakapigwa marungu na askari wa gereza, na 11 kati yao wakafa. Kwanza serikali ilisema kwamba walikufa kwa maji waliyokunywa. Daktari alipopima maiti ukweli ukajulikana, na mwezi wa Julai mwaka huo jambo la Hola likajadiliwa katika Bunge la Uingereza kwa aibu kubwa. Mapema mwaka uliofuata hali ya hatari iliondolewa. Na huko Manda, upande wa Lamu, palikuwa na kambi nyingine, ambamo Pio Gama Pinto alikaa kizuizini. Kwa hiyo anayepita Garsen kwenda Lamu, au anayepanda juu kwenda Hola, anapita katika njia ya watu hao.

Kifungo cha Kaggia kilipokwisha hakuachiliwa mara moja. Aliwekwa Lodwar, na hakupata uhuru wake mpaka mwezi wa Novemba 1961. Alikuwa amekaa miaka 9 mbali na nyumba yake.

MBUNGE WA KANDARA

Katika uchaguzi wa Mei 1963 watu wa Kandara, Murang'a, walimchagua kwenda Bungeni kwa tiketi ya KANU. Kenyatta akaunda serikali, na Kaggia akawekwa kuwa Katibu wa Bunge katika Wizara ya Elimu. Hiki kilikuwa cheo cha heshima, chenye mshahara, na njia ya kuelekea uwaziri. Wengine waliotoka jela pamoja naye walipata vyeo vikubwa zaidi. Ngei na Oneko wakawa mawaziri.

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha habari yetu, nacho ni ardhi. Serikali mpya iliirithi nchi yenye mashamba makubwa ya walowezi. Ilikubaliwa na Uingereza kwamba mashamba hayo yatanunuliwa kwa bei ya sokoni, kwa fedha nyingi za mkopo, kisha yagawanywe kwa Waafrika, nao walipe deni kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huo ndio mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, na familia zipatazo 35,000 zilipata mashamba kwa njia hiyo. Upande wa serikali ulikuwa na hoja zake. Ulisema kwamba nchi changa ikinyang'anya mashamba itakosa mikopo, mazao yatapungua, na watu watakosa kazi. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi.

Kaggia hakukubali. Alishikilia kwamba haifai mtu anunue ardhi aliyonyang'anywa baba yake, na kwamba maskini asiye na kitu hataweza kulipa deni, hivyo mashamba yataishia mikononi mwa wenye fedha. Aliwatetea pia watu waliopoteza vipande vyao katika mpango wa kuunganisha mashamba, uliofanywa miaka ya 1950 wakati wenyewe walipokuwa kizuizini au msituni. Katika mpango huo, aliyekuwapo kijijini siku ya kupima alipata, na asiyekuwapo aliandikiwa kidogo au hakuandikiwa kabisa. Kaggia, aliyewahi kuwa karani wa wilaya, alijua vema uzito wa daftari. Alisema hayo Bungeni, akayasema mikutanoni, akayaandika kwa wakubwa wake.

Mbunge aliye katika serikali hapaswi kuipinga serikali hadharani, ndiyo kanuni. Kenyatta alimwonya kwa barua, na mwezi wa Juni 1964 Kaggia akaondoka katika cheo chake. Alibaki mbunge wa kawaida. Tukitazama tarehe, alikuwa amekaa katika cheo hicho mwaka mmoja hivi tu, baada ya kukingoja kwa miaka 9 gerezani.

SWALI LILILOULIZWA KANDARA

Mwaka 1965 ulikuwa mgumu. Mwezi wa Februari Pio Gama Pinto, mbunge na rafiki wa watu wa upande wa Kaggia, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Nairobi. Baada ya muda mfupi, Rais Kenyatta alikwenda Kandara, nyumbani kwa Kaggia, akafanya mkutano wa hadhara. Kaggia mwenyewe alikuwapo.

Mbele ya watu waliomchagua, Rais alimkabili. Alitaja wale waliofungwa pamoja nao. Mmoja, alisema, sasa ana nyumba nzuri na shamba. Mwingine amepanda kahawa, na mwingine ana magari ya abiria. Kisha akamwuliza Kaggia amejifanyia nini yeye mwenyewe, ikiwa wote walitoka katika gereza moja. Maana ya swali ilikuwa wazi. Mtu anayetaka watu wapewe vitu bure ni mvivu, na mtu aliyeshindwa kujijengea nyumba yake hana haki ya kuwafundisha wengine.

Wazee wetu, tafakarini jambo hili. Lile lililosemwa katika mkutano wetu juu ya marehemu mweka fedha wetu ni neno lile lile. Kwa watu wengi waliokuwapo Kandara siku ile, swali la Rais lilikuwa na nguvu. Mtu amepata cheo, amekaa karibu na mlango wa ghala, na hana kitu! Lakini wengine waliligeuza swali. Waliona kwamba Rais, bila kukusudia, amemtolea Kaggia ushahidi mwema kuliko wakili yeyote. Alikuwa amethibitisha mbele ya umati kwamba mtu huyu alipewa nafasi ya kujitajirisha na hakuitumia.

KPU, GEREZA TENA, NA KURUDI KANU

Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulishindwa. Odinga akaacha cheo cha Makamu wa Rais wa nchi, akaunda chama cha Kenya People's Union. Kaggia akamfuata, akawa makamu wake. Bunge likabadilisha katiba upesi, likaamuru kwamba mbunge anayehama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Basi Juni 1966 ukafanyika ule uliojulikana kama uchaguzi mdogo. Kaggia alirudi Kandara kuomba kura. Serikali nzima ilikuwa kinyume chake, na kumpinga Kenyatta katika nchi ya Wakikuyu wakati huo kulikuwa kama kupiga makasia kinyume cha mto wakati wa mafuriko. Alishindwa na Taddeo Mwaura. Watu aliowasemea juu ya ardhi hawakumrudisha.

Mwaka 1968 alishtakiwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali huko Nyanza Kusini. Alihukumiwa mwaka mmoja, na katika rufani kifungo kikapunguzwa kuwa miezi 6. Mkoloni alimfunga, na sasa serikali ya uhuru ikamfunga. Mwezi wa Agosti 1969 aliacha KPU akarudi KANU, na mwezi wa Oktoba mwaka huo KPU ikapigwa marufuku.

Hatutaki kuficha kwamba kurudi huko kuliwahuzunisha wengi. Wako waliosema amechoka, na wako waliosema amenunuliwa, kwa kuwa baadaye aliwekwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya pamba. Sisi twaona kwamba mtu aliyefungwa mara mbili, na kukataliwa na wapiga kura wake, ana haki ya kuchoka. Kama alinunuliwa, bei yake haikuonekana, kwa maana hakuna majumba wala mashamba makubwa yaliyotajwa kuwa yake. Hakupata kurudi Bungeni tena. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, kinachoishia mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Katika uzee wake aliishi kwa kiasi, akiwa na kinu cha kusaga unga, na majirani waliomletea mahindi yao walimkuta ni mzee kama wazee wengine. Alifariki mwezi wa Machi 2005. Kati ya wale sita wa Kapenguria, aliyebaki nyuma yake ni Oneko peke yake, naye alifariki 2007.

NENO KWA WANACHAMA

Sasa turudi Garsen. Jambo alilolipigania Kaggia halikwisha alipofariki, wala halikuwa la watu wa Murang'a tu. Hapa kwetu Mpokomo amelima kando ya mto kwa vizazi, akifuata mafuriko yapandapo na kushuka, na Muorma ameleta ng'ombe wake mtoni kwa njia za malka wakati wa kiangazi, na wote wawili walifanya hivyo bila hati. Baada ya uhuru sehemu kubwa ya ardhi yetu iliwekwa chini ya udhamini wa baraza la wilaya, na mwenye kuitumia hakuwa mwenye kuandikwa. Mashirika yalikuja na ramani zake. Shirika la maendeleo ya mito Tana na Athi, lililoundwa 1974, lilitengeneza mashamba makubwa ya mpunga katika delta, na mafuriko ya El Niño ya 1997 yakayaharibu. Mwaka 2012 mkulima na mfugaji walishikiana silaha juu ya malisho na maji, na zaidi ya watu 100 wakafa katika delta yetu, wanawake na watoto wakiwamo. Kuna nyumba katika chama hiki ambazo hazijaanua tanga moyoni hata leo.

Tangu 2016 iko Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii kuandikisha ardhi yake kwa jina lake. Hapo Kaggia anatufundisha jambo moja lililo wazi kabisa. Siku ya kuandika daftari, asiyekuwapo hukosa. Waliokosa Murang'a miaka ya 1950 walikuwa vifungoni. Sisi hatuko kifungoni. Tukikosa, itakuwa kwa uvivu wetu, au kwa kuwa tumemwachia mtu mmoja atuandikie, naye akajiandika yeye na jamaa zake. Basi wazee wa gasa na wazee wa Kiorma waketi pamoja kabla ya mpimaji kuja, wakubaliane mipaka na malka, na majina yasomwe hadharani.

La pili ni lile swali. Wengine watasema kwamba Kaggia alishindwa, kwa kuwa ardhi haikugawanywa bure, na Kandara walimkataa, na alikufa bila utajiri. Hatuwezi kusema kwamba hakushindwa katika hayo. Lakini mtu hupimwa kwa amana aliyokabidhiwa. Askari mwema hupimwa kwa zamu yake, na mweka fedha kwa sanduku. Kaggia alikabidhiwa sauti ya watu wasio na ardhi. Aliitumia katika cheo, na nje ya cheo, na alipokosa kura aliendelea kuitumia hadi jela. Hakuiuza alipokuwa karibu na wanunuzi. Cheo ni dhamana, ndivyo wazee walivyotuachia neno, wala hawakusema ni mtaji.

Kwa hiyo twaomba kwamba katika mkutano ujao jambo la marehemu mweka fedha wetu lirudishwe mezani. Sanduku lilihesabiwa baada ya mazishi yake, na hesabu imechapwa katika kurasa za mbele za kitabu hiki. Hakuna senti iliyopungua. Kama wanachama wataona vema, nyumba ya mjane wake iezekwe mabati kwa mchango wetu kabla ya masika, isiwe sadaka kwa maskini, bali deni ambalo chama kinalilipa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujalie sisi tuliobaki kuzitunza amana zetu.